Kutoka Mzunguko hadi Wastani na Kurudi: Historia ya Kutotengamaa kwa Mapigo ya Mwanga katika Rezoneta, 1979–2019

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya utafiti kuhusu mapigo ya mwanga yanayozunguka ndani ya rezoneta, hususan pete za nyuzi za kioo, kati ya mwaka 1979 na 2019. Hoja kuu ni kwamba historia hiyo hueleweka vizuri zaidi ikifuatwa kwa swali moja: je, watafiti walihesabu kila mzunguko wa mwanga peke yake, au walichukua wastani wa mizunguko mingi? Inaonyeshwa kuwa mlinganyo wa wastani wa mwaka 1987 ulifungua njia ya kuzielewa solitoni za rezoneta, lakini kwa umbo lake uliacha nje aina ya kutotengamaa iliyouanzisha uwanja wenyewe. Aina hiyo ilirejea pale vifaa vya kupimia vilipoweza kuutazama mzunguko mmoja mmoja. Kwa hiyo, kuchagua kielelezo cha hisabati katika uwanja huu kumekuwa pia kuchagua kitakachoonekana.

1.0 Utangulizi

Rezoneta ya mwanga ni mpangilio unaoufanya mwanga urudi mahali ulipoanzia. Inaweza kuwa jozi ya vioo vya kuakisi vinavyotazamana, au unyuzi wa kioo ambao ncha zake mbili zimeunganishwa kuwa pete. Katika pete ya aina hii, sehemu ndogo ya mwanga wa leza huingizwa kupitia kiunganishi, huzunguka, na kila inapopita kwenye kiunganishi sehemu yake hutoka nje. Mwanga uliokwisha kuzunguka hukutana na mwanga mpya unaoingia. Mawimbi ya pande mbili yakikutana yakiwa katika awamu moja, huimarishana na nguvu ndani ya pete huongezeka. Yakikutana katika awamu zilizo kinyume, hupunguzana.

Mwanga ukiwa hafifu, hesabu ya jambo hili haina utata. Mambo hubadilika mwanga unapokuwa mkali, kwa kuwa mwanga mkali hubadilisha kidogo kasi yake wenyewe ndani ya kioo. Hiyo ndiyo athari ya Kerr. Awamu ambayo mwanga unarudi nayo basi hutegemea ukali wake, na ukali wake hutegemea awamu uliyorudi nayo. Sababu inageuka kuwa tokeo, na tokeo kuwa sababu, mara mamia ya maelfu kwa sekunde. Katika kuzungukiana huko ndimo kutotengamaa kunakozungumziwa hapa kunamozaliwa.

Istilahi chache zinahitaji kufafanuliwa. Kutotengamaa ni hali ya mfumo ambapo badiliko dogo mno halififii bali hukua. Kurudufika kwa kipindi ni hali ambapo mwanga haurudii sura yake baada ya mzunguko mmoja bali baada ya miwili. Mwachano wa masafa ni tofauti iliyopo kati ya masafa ya leza na masafa ambayo rezoneta huyapokea kwa ukamilifu. Mtawanyiko ni tabia ya kioo ya kusafirisha masafa tofauti kwa kasi tofauti, hivyo kulitanua pigo la mwanga. Solitoni ni pigo linalodumisha umbo lake kwa sababu nguvu zinazolitanua na zinazolibana zimesawazika.

Historia ya uwanja huu mara nyingi husimuliwa kwa kuanzia mwisho, yaani kwa mafanikio ya rezoneta ndogo mnamo mwaka 2014, kisha kurudi nyuma kutafuta watangulizi. Usimulizi wa namna hiyo huufanya mlinganyo wa wastani uonekane kuwa kilele ambacho kazi zote za awali zilikuwa zikikipanda. Makala haya yanafuata mpangilio wa wakati, na yanaonyesha picha isiyo nyoofu kiasi hicho.

2.0 Usuli: Rezoneta Yenye Hali Mbili, 1969–1978

Baada ya leza ya kwanza kufanya kazi mwaka 1960, watafiti walianza kuuliza kama mwanga ungeweza kuutawala mwanga mwingine, kama transista inavyoutawala umeme. Mwaka 1969 Szöke na wenzake walipendekeza kuwa rezoneta iliyowekewa ndani yake maada yenye kufyonza mwanga ingeweza kuwa na hali mbili thabiti kwa kiasi kilekile cha mwanga unaoingia: hali ya juu inayopitisha mwanga mwingi, na hali ya chini inayopitisha kidogo. Hali ipi ingechukuliwa ilitegemea mfumo ulikotoka. Mwaka 1976 Gibbs, McCall na Venkatesan walilithibitisha jambo hilo kwa jaribio wakitumia mvuke wa sodiamu. Jaribio lao lilionyesha pia kwamba mabadiliko ya kasi ya mwanga ndani ya maada yanaweza kuwa na uzito kuliko ufyonzaji.

Kinadharia, Bonifacio na Lugiato nchini Italia waliijenga hoja ya uthabiti wa hali mbili kwa mbinu ya wastani: walichukulia kuwa mwanga hubadilika kidogo sana katika mzunguko mmoja, hivyo tofauti kati ya sehemu moja ya rezoneta na nyingine inaweza kupuuzwa. Mbinu hiyo ilikuwa na faida kubwa, kwani iliugeuza mfumo mgumu kuwa mlinganyo unaotatulika kwa kalamu. Ni muhimu kuona kuwa wazo la wastani lilikuwapo tangu mwanzo, kabla ya kaosi kuingia katika mjadala. Swali lililobaki lilikuwa: je, kuna nini ndani ya mzunguko mmoja kinachoweza kuupinga wastani huo?

3.0 Mzunguko kama Hatua: Ikeda na Kaosi ya Mwanga, 1979–1983

Jibu lilitoka Japani. Mwaka 1979 Kensuke Ikeda alichapisha uchanganuzi wa rezoneta ya pete ambamo hakuupuuza muda ambao mwanga huutumia kuzunguka. Aliuchukulia muda huo kuwa kiini cha tatizo. Maada ikiitikia mwanga kwa haraka kuliko muda wa mzunguko, hali ya mwanga katika mzunguko mmoja huamua hali yake katika mzunguko unaofuata, kama ngazi inavyopandwa kidato kwa kidato. Hali ambazo nadharia ya wastani ilizihesabu kuwa thabiti zilibainika kuwa hazitengamai.

Mwaka uliofuata, Ikeda, Daido na Akimoto waliuonyesha mfumo huo katika sura nyepesi zaidi. Uga wa mwanga wa mzunguko ujao ni jumla ya mwanga mpya unaoingia na mwanga wa zamani, ambao umepunguzwa kwa hasara na kuzungushwa awamu kwa kiasi kinachotegemea ukali wake. Kutokana na kanuni hiyo fupi walipata kurudufika kwa kipindi, kisha kurudufika tena, na hatimaye kaosi. Wakati huo kazi ya Feigenbaum ya mwaka 1978 ilikuwa imekwisha kuonyesha kuwa njia ya kuelekea kaosi kwa kurudufika kwa kipindi hufuata uwiano uleule, takriban 4.669, katika mifumo mingi iliyo tofauti kabisa. Rezoneta ya mwanga ikawa mojawapo ya mahali ambapo dai hilo lingeweza kupimwa.

Upimaji ulifanyika kwa hatua mbili. Mwaka 1981 Gibbs, Hopf, Kaplan na Shoemaker waliripoti kaosi katika kifaa mseto, ambamo mwanga ulipimwa, ishara yake ya umeme ikacheleweshwa, kisha ikarudishwa kuutawala mwanga. Ucheleweshaji wa kielektroniki ulichukua nafasi ya safari ya mwanga. Mwaka 1983 Nakatsuka, Asaka, Itoh, Ikeda na Matsuoka walilifanya jambo hilo kwa mwanga mtupu, wakitumia pete yenye unyuzi wa kioo na mfululizo wa mapigo ya leza, na wakaona mgawanyiko wa hali kuelekea kaosi.

Jaribio la mwaka 1983 lina maana mbili. Kwanza, liliutambulisha unyuzi wa kioo kuwa maada inayofaa: mwanga hubanwa katika kiini chembamba na kusafiri mbali, kwa hiyo athari ya Kerr, ambayo ni dhaifu kwa kila mita, hujumlika hadi kuwa kubwa. Pili, lilitumia mapigo. Mapigo ya leza yakifika kwenye kiunganishi wakati uleule ambao mapigo yaliyotangulia yanakamilisha mzunguko, kila pigo huwa kama alama kwenye kitabu cha hesabu, na mtafiti anaweza kusoma mzunguko baada ya mzunguko. Utamaduni huo wa kuhesabu haukukatika. Mwaka 1991 Vallée aliuendeleza alipochunguza kutotengamaa katika pete ya nyuzi tupu, na mwaka 1995 Steinmeyer, Mitschke na wenzao walichapisha uchunguzi wa namna pigo linavyobadilishwa umbo ndani ya rezoneta ya aina hiyo. Hata hivyo, kufikia wakati huo lugha kuu ya uwanja ilikuwa imekwisha kubadilika.

4.0 Ushindi wa Wastani, 1987–1997

Mwaka 1987 Luigi Lugiato na René Lefever walichapisha mlinganyo ambao leo hujulikana kwa majina yao. Lefever alitoka katika shule ya Brussels ya Ilya Prigogine, na mwaka 1968 alikuwa amechapisha pamoja na Prigogine kielelezo mashuhuri cha mmenyuko wa kikemia unaojipanga wenyewe. Swali lililoletwa kwenye mwanga lilikuwa lile la Turing la mwaka 1952: inakuwaje hali iliyo sawa kila mahali ivunjike yenyewe na kuzaa ruwaza? Katika maandishi yao ya mwaka 1987, ruwaza hizo zilikuwa za nafasi, yaani mistari na madoa katika upana wa mwali wa mwanga. Halikuwa swali kuhusu mapigo.

Mlinganyo wenyewe una sehemu nne: mwanga unaoingia, hasara, mwachano wa masafa pamoja na athari ya Kerr, na mtapanyiko wa mwali. Ili kuupata, mizunguko ilisawazishwa. Hasara na badiliko la awamu katika mzunguko mmoja vilichukuliwa kuwa vidogo, na rezoneta ikachukuliwa kuwa na masafa yake mamoja tu yaliyo karibu na leza.

Hatua iliyouleta mlinganyo huo kwenye uwanja wa mapigo ilichukuliwa na Haelterman, Trillo na Wabnitz mwaka 1992. Hao waliuandika upya kwa ajili ya pete ya unyuzi, ambamo mtapanyiko wa mwali katika nafasi unachukuliwa nafasi yake na mtawanyiko wa pigo katika wakati. Kihisabati umbo ni lilelile, ila kimaumbile mfumo ni tofauti. Walichoonyesha ni kuwa mwanga usiokatika, ukiwa ndani ya pete, unaweza kuvunjika wenyewe na kuwa mfululizo wa mapigo yanayofuatana kwa mpangilio. Jambo hilo huitwa kutotengamaa kwa modulesheni. Mwaka 1997 Coen na Haelterman walithibitisha kwa jaribio kuwa, kwa sababu ya masharti ya rezoneta, kutotengamaa huko hutokea hata katika unyuzi ambao mtawanyiko wake usingekuruhusu kama mwanga ungepita mara moja tu bila kuzunguka.

Hapa ndipo gharama ya wastani inapopaswa kuelezwa kwa uwazi. Kurudufika kwa kipindi alikokugundua Ikeda huwa karibu zaidi mwanga wa zamani unaporudi ukiwa karibu na kinyume cha awamu ya mwanga mpya. Kinachojengwa katika mzunguko mmoja hubomolewa katika ule unaofuata, na hujengwa tena katika wa tatu. Hali hiyo iko mbali na masafa ya rezoneta, katikati ya masafa mawili yanayofuatana. Mlinganyo wa wastani, kwa kuwa huyatambua masafa mamoja tu na kuyafuta mabadiliko ya kati ya mzunguko na mzunguko, hauna mahali pa kuiweka. Kwao, jambo linalopanda na kushuka kila mzunguko halipo.

Isidhaniwe kuwa waliouandika mlinganyo huo kwa ajili ya unyuzi hawakulijua hilo. Mwaka huohuo wa 1992, Haelterman alichapisha peke yake uchanganuzi wa kurudufika kwa kipindi pamoja na kutotengamaa kwa modulesheni katika rezoneta ya pete, akianzia kwenye kanuni ya mzunguko kwa mzunguko. Zana zote mbili zilikuwa mezani. Moja ilichukuliwa na wengi kwa sababu ilikuwa nyepesi, iliunganisha mwanga na sayansi pana ya ruwaza, na iliafikiana na hali ambayo majaribio ya pete zilizodhibitiwa yangeweza kuifikia. Nyingine ilibaki katika kazi chache.

5.0 Pigo Linalojitegemea: Solitoni za Rezoneta, 1993–2014

Zawadi kubwa ya mlinganyo wa wastani ilikuwa solitoni ya rezoneta. Solitoni za kawaida za nyuzi zilitabiriwa na Hasegawa na Tappert mwaka 1973, na Mollenauer, Stolen na Gordon wakaziona mwaka 1980. Hizo husawazisha mtawanyiko na athari ya Kerr. Ndani ya pete inayopoteza mwanga kila mzunguko, usawa huo mmoja hautoshi, kwani unahitajika pia usawa kati ya hasara na mwanga unaoingia. Pigo lenye usawa wa aina zote mbili hukaa juu ya mwanga hafifu usiokatika na hulishwa nao. Mwaka 1993 Wabnitz alipendekeza mapigo kama hayo yatumike kuhifadhi taarifa: penye pigo pasomwe moja, pasipo pigo pasomwe sifuri.

Uhusiano wa solitoni hii na kutotengamaa ni wa karibu kuliko inavyodhaniwa. Huweza kuwapo pale ambapo hali mbili zinawezekana kwa pamoja, yaani mwanga hafifu uliotulia, na ruwaza ya mapigo iliyozaliwa na kutotengamaa kwa modulesheni. Solitoni ni kama punje moja ya ruwaza hiyo iliyosimama peke yake katikati ya utulivu. Bila uwezekano wa utulivu kuvunjika, pigo lenyewe lisingekuwapo.

Pendekezo la mwaka 1993 lilisubiri miaka 17. Kilichokuwa kigumu ni maabara. Awamu ya pete yenye mamia ya mita hubadilika kwa joto la chumba na mtikisiko wa sakafu, ilhali mwachano wa masafa unapaswa kushikiliwa kwa usahihi wa sehemu ndogo ya urefu wa wimbi. Mwaka 2010 Leo, Coen, Kockaert, Gorza, Emplit na Haelterman, katika Chuo Kikuu Huria cha Brussels, waliripoti solitoni za takriban pikosekunde 4 zikizunguka katika pete ya unyuzi yenye urefu wa meta 380. Mzunguko mmoja ulichukua takriban maikrosekunde 1.85. Solitoni ziliandikwa ndani ya pete kwa mapigo mengine ya mwanga, zikabaki zikizunguka zilipoandikwa, bila kusukumana na kuanguka.

Wakati huohuo, njia nyingine ilikuwa ikifuatwa. Mwaka 2007 Del'Haye na wenzake walionyesha kuwa rezoneta ndogo ya kioo, ikilishwa na leza moja, huzalisha chanuo la masafa, yaani mistari mingi ya mwanga yenye nafasi sawa. Mwanzoni machanuo mengi ya namna hiyo yalikuwa na kelele. Mwaka 2014 Herr, Kippenberg na wenzao walionyesha kuwa, masafa ya leza yakipitishwa polepole katika masafa ya rezoneta ya fuwele ya floridi ya magnesiamu, mfumo hupita kwanza katika hali ya kaosi, kisha nguvu ndani yake hushuka kwa ngazi, na kila ngazi hulingana na idadi fulani ya solitoni. Chanuo linatulia baada ya kupitia vurugu. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Coen na wenzake kwa upande mmoja, na Chembo na Menyuk kwa upande mwingine, walikuwa wameonyesha kuwa machanuo hayo yanaelezwa na mlinganyo uleule wa Lugiato na Lefever. Mlinganyo ulioandikwa kwa ajili ya madoa katika mwali wa mwanga ukawa lugha ya kawaida ya vipimo vya wakati.

6.0 Kurudi kwa Mzunguko, 2013–2019

Ushindi huo ulichochea maswali mapya kuhusu mipaka yake. Yako ya aina mbili, na inafaa yatenganishwe.

Aina ya kwanza ni kutotengamaa ambako mlinganyo wa wastani wenyewe unakuruhusu. Mwaka 2013 Leo, Gelens, Emplit, Haelterman na Coen waliripoti solitoni inayopanda na kushuka kwa mpigo wake yenyewe, kana kwamba inapumua, na kwa nadharia wakabainisha maeneo ya kaosi. Mwaka 2016 Anderson na wenzake huko Auckland waliona katika pete ya nyuzi jinsi solitoni inavyoweza kupumua bila mpangilio na kuenea kuwa kaosi ya nafasi na wakati. Mwaka 2017 upumuaji huo uliripotiwa katika rezoneta ndogo na kundi la Lucas na kundi la Yu. Mwendo wa aina hii ni wa polepole ukilinganishwa na mzunguko mmoja, hivyo wastani haupotezi kitu.

Aina ya pili ni ile iliyoachwa nje. Mwaka 2015 Hansson na Wabnitz walirudi kwenye kanuni ya mzunguko kwa mzunguko na kuonyesha kuwa, mwanga ukiwa mkali kiasi cha kuyafikia masafa ya rezoneta yanayofuata, hali kadhaa zinaweza kuwapo kwa wakati mmoja, zikiwamo solitoni ambazo mlinganyo wa wastani hauzitambui. Mwaka 2017 Anderson na wenzake walithibitisha kwa jaribio kuwapo kwa hali nyingi za namna hiyo. Aidha, mwaka 2016 Copie na wenzake walichunguza pete ambayo mtawanyiko wake hubadilika njiani, na wakaonyesha kutotengamaa kwa Turing kukishindana na kutotengamaa kwa Faraday, ambako asili yake ni mabadiliko yanayojirudia ndani ya mzunguko. Mwaka 2019 Bessin na wenzake waliyatazama mapigo mzunguko baada ya mzunguko kwa wakati halisi. Waliona ruwaza ambayo vilele vyake katika mzunguko mmoja vinakuwa mabonde katika unaofuata. Kurudufika kwa kipindi kulikozungumziwa na Ikeda miaka 40 kabla kulikuwa sasa kumechorwa pigo kwa pigo.

Sababu ya jambo hilo kuonekana katika unyuzi ni ya kivipimo. Katika rezoneta ya fuwele ya mwaka 2014 mwanga huzunguka takriban mara bilioni 35 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja huisha katika takriban pikosekunde 28. Kuitenga mizunguko hiyo kimoja kimoja ni vigumu mno, na wastani huwa ndio karibu kila kinachopimika. Katika pete ya mamia ya mita, mzunguko mmoja ni mrefu kiasi kwamba vifaa vya kielektroniki huutenganisha na unaofuata kwa urahisi, na kinachobaki kuhitaji mbinu maalumu ni kuona umbo la pigo lililo ndani yake. Kwa hiyo pete ya unyuzi haikupitwa na wakati rezoneta ndogo zilipokuja. Ilibaki kuwa mahali ambapo dai la mlinganyo lingeweza kukaguliwa.

7.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kuwa uwanja wa mapigo ya mwanga katika rezoneta haukusonga kwa mstari mmoja kutoka vurugu kwenda utaratibu. Ulianza kwa kuuhesabu mzunguko, ukauacha kwa ajili ya wastani, kisha ukaurudia. Kila hatua ilikuwa na sababu zake. Kanuni ya Ikeda ilifichua kaosi, ila ilikuwa nzito kwa yeyote aliyetaka kujua umbo la pigo. Mlinganyo wa Lugiato na Lefever ulilitoa umbo hilo, nao ukalipia kwa kuyafumbia macho yanayotokea kati ya mzunguko na mzunguko.

Mambo mawili yanafuata kwa watafiti. La kwanza ni la kihistoria: solitoni za rezoneta ndogo za mwaka 2014 ni warithi wa majaribio ya nyuzi ya Kyoto, Brussels na Auckland kwa kadiri ileile zilivyo warithi wa nadharia ya ruwaza, na usimulizi unaouacha mkondo wa kwanza hauwezi kueleza kwa nini kurudufika kwa kipindi kulirudi. La pili ni la kimbinu: kauli kwamba mfumo umetengamaa haikamiliki mpaka itajwe ni kwa kielelezo kipi. Mapigo yaliyotulia kwa macho ya wastani huenda yanapanda na kushuka kila mzunguko, na hilo litajulikana tu kwa atakayeihesabu mizunguko.